Mayai ya Kuchi na Diodi Nne

Jumanne, 15 Julai

Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na nilikuahidi kila siku. Tangu hapo Elia ameota meno manne, baba yake Stefano amepelekwa Dar es Salaam kwenye kozi ya mitambo ya bandarini, na mimi sijapata usingizi wa kueleweka hata mara moja. Si sababu nzuri. Ndiyo niliyonayo.

Nimekurudia kwa kuwa nina shida, na shida yenyewe siwezi kumwambia mtu.

Sebuleni, ndani ya sanduku la mbao, nina mayai kumi na tisa. Si yangu. Ni ya Bi Mwanakombo, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyenipokea hapa Mikindani nilipokuja na tumbo la miezi saba na masanduku mawili, simjui mtu. Mayai ni ya kuchi. Kuchi wa kweli, wale warefu wenye shingo ya askari, ambao baba yake alianza kuwafuga yeye akiwa bado binti. Mwezi wa tano kideri kilipita kikafagia banda lote. Akabaki jogoo mmoja, Meja, na tetea mmoja mzee. Tetea akataga mpaka yakafika kumi na tisa, na wiki aliyomaliza Meja naye akafa. Kwa hiyo haya mayai ndiyo kuchi wote waliobaki. Hakuna mengine.

Na tetea mwenyewe hafai kuatamia. Mzito mno, akikalia mayai anayavunja. Ndipo mimi, kwa mdomo wangu huuhuu, nikamwambia Bi Mwanakombo aniachie. Nusu kwa nusu, kama desturi ya huku mtu anapompa mwenzake kuku amlelee. Nikamwambia mashine yangu haijawahi kuua yai. Ni kweli, haijawahi. Ilikuwa haijawahi kuwekewa yai.

Mashine nimeiunda mwenyewe kwa kufuata video kwenye simu. Sanduku. Taa mbili za gari za kutia joto. Betri ya gari, ili umeme ukikatika mayai yasipoe. Na chaja ya betri, niliyoitengeneza kwa transfoma ya redio kaseti mbovu. Ndani ya chaja kuna diodi nne, vidude vyeusi vyembamba kama punje za mchele, kila kimoja na mstari mweupe upande mmoja. Kazi yao ni kuunyoosha umeme wa ukutani ukubali kuingia kwenye betri.

Leo ni siku ya kumi. Asubuhi kipimajoto kilisoma 37.5. Saa nane mchana, 36. Taa zimegeuka rangi ya kaa la jana.

Beatrice wa nyumba ya mbele akaja kuazima chekeche. Yeye ana mashine ya dukani, ya bluu, yenye namba zinazowaka. Akaliangalia sanduku langu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akauliza, jirani, hiki ni kitotoleshi au kichanja cha dagaa? Nikampa chekeche bovu.

Jioni Bi Mwanakombo akaita kupitia ukutani. Mama Elia, wajukuu zangu hawajambo? Nikasema hawajambo.

Jumatano, 16 Julai

35.8. Nimezungushia sanduku blanketi, nimepachika chupa nne za maji ya moto katikati ya mayai, nimemfunga Elia mgongoni, nimekimbia kwa Fundi Shafii.

Fundi Shafii anatengeneza redio kwenye kibanda chake karibu na soko. Haongei asipoulizwa, na akiulizwa anaanzia mbali. Nikamwambia betri haijai. Akasema pengine diodi moja imekufa. Akaanza na baiskeli. Diodi, mwanangu, ni kama valvu ya tairi. Upepo unaingia, haurudi. Umeme nao unapita kwenda upande wenye mstari, ukitaka kurudi unakuta mlango umefungwa. Hiyo ni nzima.

Mbovu, akasema, zinakufa kwa njia tatu. Kuna iliyokatika, haipitishi upande wowote. Kuna iliyoshoti, inapitisha kwenda na kurudi, haikatazi mtu. Na kuna inayovuja. Hiyo ndiyo ya kuogopa, maana ikiwa baridi inajifanya nzima, ikipata moto inaachia.

Nikawaza watu ninaowafahamu. Stefano amekatika: umwombe asubuhi, umwombe jioni, hakuna kinachopita. Mama mkwe ameshoti. Beatrice anavuja.

Akaniazima mita yake. Niiweke kwenye alama ya diodi, ule mshale uliogonga ukuta. Sindano nyekundu upande usio na mstari, nyeusi upande wa mstari: isome kama 0.6. Nibadilishe sindano: isisome kitu. Ikisoma pande zote mbili, imeshoti au inavuja. Ikikataa pande zote mbili, imekatika. Rahisi kuliko kupika ugali.

Halafu akaongeza mambo mawili. La kwanza, kabla ya kupima nitoe betri na taa, na kila diodi niinyanyue mguu mmoja wa waya kutoka kwenye ubao, nisiipime ikiwa imeshikwa na wenzake. La pili, nisibadilishe kilichoungua kabla sijajua kimeunguzwa na nini.

Nikasema ndiyo, Fundi. Nilikuwa nimeshasimama. Kunyanyua mguu kunataka solda ya moto ya kuyeyusha risasi, na solda ya moto na Elia havikai chumba kimoja. Hayo masharti ni ya watu wasio na watoto.

Alhamisi, 17 Julai

Elia akalala saa nne asubuhi. Nikaizima chaja, nikapima harakaharaka, kila kitu kikiwa mahali pake.

Diodi ya kwanza inasoma pande zote mbili. Ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne. Zote nne zimeshoti. Nilikaribia kufurahi, maana ugonjwa ukishajulikana umeshakuwa nusu ya dawa. Nikawasha solda ya Stefano, nikazing'oa zote nne, nikazipanga mkekani.

Kisha, sijui kwa nini, nikazipima tena, kila moja peke yake.

Tatu ni nzima. 0.6 kwenda, kurudi hakuna kitu. Mbovu ni moja tu, imekatika. Kumbe zikiwa zimeungwa, umeme wa mita unazunguka kwa kupitia kwenye taa na kwa diodi za jirani, unatokea mlango wa uani, unakudanganya. Ndiyo maana ya mguu mmoja. Nimeng'oa wazima watatu kwa kosa la mwenzao.

Nikaenda kubadilisha maji ya chupa. Niliporudi, Elia ameamka, amekaa mkekani, anatafuna. Nikahesabu diodi. Tatu.

Daftari, dakika zile sikuwa na mayai. Sikuwa na jirani wala mashine. Nilimwingiza kidole mdomoni, nikatoa kipande cha ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamgeuza, nikamvua nguo zote, nikakung'uta mkeka. Nikafikiria kumwekea mita tumboni. Nikiwa nimembeba kukimbilia zahanati, nikaiona. Iko kwenye mkunjo wa shingo, imeshikwa na uji mkavu.

Nikakaa chini nikalia kidogo. Nikamnyonyesha. Kisha nikamwambia bwana mkubwa, kwa sauti ya chini lakini ya kueleweka, kwamba vya mama vya mkekani si chakula, na kuanzia leo solda, mita na diodi vinakaa juu ya kabati. Akanicheka kwa meno yake manne.

Mayai yako kwenye chupa za maji. Nabadilisha kila baada ya dakika arobaini. 36, 35.5, 36.2. Nimemaliza mkaa wa siku tatu.

Ijumaa, 18 Julai

Nahitaji diodi moja. Fundi Shafii Ijumaa hafungui mpaka swala iishe, na hata akifungua, nitamwambia nini? Kwamba nimepima miguu yote ikiwa chini?

Nikapata akili. Juu ya friji ipo redio ya Stefano, ile anayosikilizia mpira, ambayo hata mimi sigusi bila ruhusa. Nikaifungua nyuma. Ndani, diodi nne, mapacha wa zangu. Stefano yuko Dar mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Redio haiwezi kumpigia simu. Nikatoa moja.

Nikaziunga zote nne kwenye chaja, solda mkono wa kulia, mguu wa kushoto nikiutumia kumzuia Elia mlangoni. Nikawasha. Transfoma ikanguruma kama paka aliyekanyagwa. Fyuzi ikakatika.

Fyuzi nyingine sina. Nikaokota pakiti ya sigara barabarani, nikachana ile karatasi ya bati, nikaizungushia fyuzi. Nikawasha.

Moshi. Harufu ya plastiki na unga uliokaangwa. Nikachomoa waya, nikafungua dirisha, na hapo ndipo nilipouona mstari mweupe wa diodi ya Stefano, unatazama upande usio wake. Nimeiweka kichwa chini. Umeme ulikuta mlango wazi kila upande ukaingia wote kwa pamoja.

Ukutani, sauti ya Bi Mwanakombo. Mama Elia, kuna kinachoungua? Nikasema uji. Akasema, uji wa siku hizi una waya? Nikacheka kwa nguvu. Akauliza, na wajukuu? Nikasema hawajambo.

Huo ni uongo wa pili. Nauandika hapa ili uwe umeandikwa mahali.

Jumamosi, 19 Julai

Nimebeba chaja nzima kwa Fundi Shafii ndani ya kikapu cha mboga, nimeifunika mchicha nisionekane.

Akaifungua. Akaiona karatasi ya bati. Akaitoa kwa kibano akaiweka mbele yangu juu ya meza, na ikabaki pale muda wote wa maongezi. Akanyanyua mguu mmoja wa kila diodi, polepole, mbele ya macho yangu. Mbili zimeshoti, moja imekatika. Ya nne ilisoma vizuri. Akaikaribishia ncha ya solda bila kuigusa, ikapata joto, akapima tena, na mita ikaanza kusoma upande usiotakiwa. Unaona, akasema. Huyu ndiye mnafiki.

Nikamwambia kosa ni la mstari, niliugeuza. Akasema mstari umewamalizia tu. Akaniuliza chaja inalisha nini. Taa mbili za gari. Na betri? Na betri. Akavua miwani.

Mama Elia, umempa mtoto wa darasa la pili gunia la korosho abebe mpaka bandarini. Hawezi. Atakwenda hatua tano. Ukimpa mwenzake wa darasa la pili, naye hatua tano. Taa zako zinakula zaidi ya mara tatu ya wanachoweza hawa wadogo. Unataka zile nene, kama punje ya mahindi.

Nene hana, na hapa mjini ameulizia hakuna, labda zitoke Dar. Akanipa ndogo nne mpya na fyuzi ya kweli, kwa sharti moja. Taa moja tu. Blanketi zito, taa moja, mpaka zile nene zije. Akanionyesha kidole kimoja. Nikaapa mbele ya kile kidole.

Nyumbani, taa moja, mablanketi mawili. 37. Nikapitiwa na usingizi nikiwa nimesimama.

Jumapili, 20 Julai

37. Imetulia. Nikaenda kanisani na moyo mweupe.

Nikitoka nikapishana na Beatrice. Akasema mashine yake inasoma 37.7 tangu siku ya kwanza, haitikisiki. Akauliza, na ya kwako, jirani, inasomaje? Nikasema 37.7.

Nilipofika nyumbani, ili nisiwe mwongo siku ya Bwana, nikawasha taa ya pili.

Ni kwa nusu saa tu, nilijiambia. Ikapanda, 37.3, 37.5, ikafika 37.7 kamili. Ilikuwa inapendeza. Kuizima ingekuwa kama kumwamsha mtoto aliyelala. Nikagusa diodi, zinaunguza kidole. Nikazipepea kwa ungo, zikapoa kidogo. Nikaona basi, dawa imepatikana: ungo.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya kumi na saba. 31.

Jana Elia alikuwa na homa ya meno. Alipopata nafuu nikalala naye, nikalala kama gogo, na kulipokucha sanduku lilikuwa giza. Sijui lilizimika saa ngapi. Betri imekauka. Nikazitoa taa na betri, nikanyanyua mguu mmoja wa kila diodi, nikapima moja moja. Tatu zimeshoti, moja imekatika. Nimepima vizuri sana. Haikusaidia kitu.

Nikatia chupa za maji ya moto, nikakaa sakafuni.

Nikawaza. Kule kijijini Mpapura kuna mama anauza vifaranga vya siku moja. Kifaranga ni kifaranga. Atakapokuwa mkubwa na shingo haijarefuka, tutasema ni hali ya hewa. Nililifikiria hili kwa makini, daftari, nikafika hata kwenye nauli. Kisha nikamwona Elia amesimama kwa kushika sanduku, anaweka sikio kwenye mbao, kama Bi Mwanakombo anavyofanya kila akiingia. Nikamchukua nikaenda nyumba ya pili.

Nilisema yote. Uongo wa kwanza na wa pili, redio, karatasi, taa ya pili. Bi Mwanakombo alikuwa anakuna nazi, hakuacha mpaka nilipomaliza. Akasema, tangu Ijumaa najua, mwanangu. Uji gani unanuka waya. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe.

Nikamwambia yamekufa. Akasema, umeyauliza?

Akaomba beseni na maji ya vuguvugu, ya kumwogesha mtoto mchanga, si zaidi. Tukayabeba mayai kwenye kanga. Akasema yai lenye roho ukiliweka majini katika siku za mwisho linacheza lenyewe, maana aliye ndani anapiga teke. Lisilo na roho linakaa. Akaliweka la kwanza, akaniambia nisipumulie maji.

Tukangoja. Maji yakatulia. Yai likatulia.

La pili, limetulia. La tatu pia. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mama mtu mzima ambaye nimemalizia kuku wa baba yake kwa ajili ya namba ya kumwonyesha jirani.

La nne likatikisika. Kidogo tu, kama kichwa cha mtu anayekataa chai. Likatulia, likatikisika tena. Bi Mwanakombo akasema, haya, huyu Meja huyu.

Katika kumi na tisa, kumi na moja yamecheza. Nane yamekaa. Nikaanza kuyapanga yale nane. Akanizuia mkono. Waliolala waache, akasema, tunashughulika na walioamka.

Sasa hao kumi na moja walale wapi? Wanataka kuku anayeatamia, leo, na bandani kwa Bi Mwanakombo yuko yule tetea mzito tu. Akanitazama. Anayo Beatrice, akasema. Wawili, chini ya ngazi.

Nikasema Beatrice ana mashine. Akasema, ndiyo, na ana kuku wawili chini ya ngazi. Nenda. Mimi miguu inauma. Miguu yake ilikuwa mizima, imetoka sokoni asubuhi.

Nikaenda. Nilitegemea Beatrice atacheka, na alicheka. Akasema, jirani, kichanja cha dagaa kimezidiwa? Nikasema kimezidiwa. Nikasema 37.7 ilikuwa uongo. Akaacha kucheka. Akachungulia nje, akarudishia mlango. Akasema mashine yake ya bluu imekufa mara mbili tangu mfungo, namba zinawaka lakini ndani baridi, na kama si hao kuku wa chini ya ngazi asingekuwa na kifaranga hata mmoja. Usimwambie mtu, akasema. Nikasema na wewe usimwambie. Akawaondolea kuku wake mayai yao ya kawaida, mawili matatu, akaniita nilete yangu.

Yako chini ya manyoya. Desturi ni kwamba mwenye kuku aliyeatamia anachukua kifaranga mmoja kwa kila kuku. Beatrice alinikumbusha hilo mara tatu.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuna mita, hakuna kipimajoto. Kuku anapima mwenyewe. Nakwenda kwa Beatrice asubuhi, mchana, jioni. Leo kuku wake mmoja amenidonoa mkono. Beatrice akasema hapendi watu wenye wasiwasi.

Jumapili, 27 Julai

Wametoka, kwa kuchelewa siku moja. Saba.

Nilikuwa kwa Beatrice nimepiga magoti chini ya ngazi na nguo ya kanisani. Bi Mwanakombo amekaa kwenye kigoda nyuma yangu, miguu haiumi tena. Wa kwanza kutoka ana miguu mirefu kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Bi Mwanakombo akamshika kiganjani, akamgeuza, akamtazama shingo. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Mayai manne hayakufika. Mojawapo lilitoboka, nikasikia mlio mara mbili, halafu basi. Hilo sitalisahau.

Kugawana. Wawili wa Beatrice, desturi ni desturi. Watano wakabaki. Bi Mwanakombo akasema yeye wawili na mimi wawili, wa tano ni wa Elia. Nikakataa. Nilisema kwa adabu lakini nilikataa kabisa: nusu ni ya aliyelea, na mimi sikulea, niliunguza. Tukavutana mpaka Elia akaanza kulia. Mwisho akakubali kuchukua wanne, na mmoja, yule mwenye suruali ya kaka, akamwekea Elia kwenye kofia. Akasema huyu akikua jogoo atarudi kwangu kutembelea.

Nililala mchana. Saa mbili nzima.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemrudishia Fundi Shafii mita yake. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamtajia yote: iliyokatika, iliyoshoti, inayovuja, mguu mmoja juu, taa na betri nje, mstari mweupe, kutafuta kwanza kilichounguza. Hakurudia hata moja. Akasema, basi agiza zile nene.

Nilikuwa nimedhamiria kuagiza. Lakini leo binamu yake Bi Mwanakombo amefika kutoka Msimbati na habari kwamba ana mayai ya kanga sitini, na kanga hawajui kulea. Bi Mwanakombo akaniangalia, akasema, usiseme kitu, Mama Elia. Nikasema mashine yangu haijawahi kuua yai la kanga.

Mayai sitini yanataka taa tatu. Na zile diodi nene nimezifikiria kwa utulivu. Miguu yake ni minene, haiingii kwenye matundu ya ubao wangu, itabidi kutoboa upya. Ndogo zinaingia vizuri. Na ukweli usemwe, ndogo nne zilifanya kazi tangu Jumapili mpaka Jumanne, siku mbili kamili, na taa mbili juu yake. Ni suala la kuzibadilisha kabla hazijafa. Nne kila siku mbili kwa siku ishirini na nane za kanga: hamsini na sita. Fundi Shafii ni mtu mzima, anapenda vitu vikubwa.

Stefano anapiga simu saa kumi na mbili. Ninaandika hapa nisisahau. Alete, au atume na mtu wa basi:

Taa tatu za gari, za kioo cheupe. Mita yangu mwenyewe, hata iwe ya bei ndogo, ila iwe na alama ya mshale uliogonga ukuta. Ungo wa pili wa kupepea, huu umeungua ukingo. Dawa ya meno ya Elia, ile ya kupaka ufizi, na viatu vyake, vipana, maana ameanza kusimama. Chekeche zima la kumpa Beatrice. Fyuzi asilete, pakiti za sigara zipo.

Na diodi ndogo, zile kama mchele, hamsini na saba. Hamsini na sita za mashine. Ile moja asiulize ya nini, na akirudi asikimbilie kuwasha redio.